Kwa Nini Mshonaji Haondoki

Jumatatu, 3 Machi

Rejista nimeihesabu mara mbili. Tangu mwaka uanze wamejiandikisha watu kumi na saba kuja kuwasomea vitabu wasioona. Wameondoka kumi na saba. Nilidhani nimekosea, nikahesabu kuanzia chini kwenda juu. Kumi na saba vilevile.

Wamebaki wale watatu wa zamani. Mshonaji, yupo mwaka wa sita. Dereva wa lori, anayekuja lori likiharibika. Na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayekuja kwa sababu dada yake humtoa nyumbani akitaka kupiga deki.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaingia chumba cha kurekodi, unasoma kwa sauti, mimi naweka sura kwenye flashi, na kila Jumanne flashi zinakwenda kwa wasikilizaji wetu sitini na wanne. Hawana pengine pa kupata vitabu. Sasa kwa nini mtu aanze kazi kama hiyo kwa furaha, halafu baada ya wiki tatu asionekane tena? Nataka kujua. Swali hili linaniwasha kama upele.

Mwenyekiti ameniita saa nne. Ni muuguzi mstaafu na mpaka leo anaongea kama mtu aliyeshika sindano. Kasema, mwanangu, kamati inakaa Jumamosi tarehe 15. Nikifika na wasomaji wanane, chumba kinabaki changu. Wakipungua hata mmoja, kinakwenda kwa jirani.

Jirani ni Mama Miche, wa kikundi cha kuotesha miti, ng'ambo ya ukuta. Ana watu arobaini wa kujitolea. Nimerudi chumbani nikamkuta ameshafika na futi kamba, anapima. Nikamweleza kwa upole kwamba trei za mayai zilizobandikwa ukutani zinazuia mwangwi. Akazigusa, akasema zitafaa sana kusia mbegu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza uchunguzi. Nimetunga dodoso la maswali thelathini na moja, nikatoka kwenda kuwatafuta walioondoka.

Wa kwanza, muuza dawa. Sababu ya kuondoka: shughuli nyingi. Wa pili, mwalimu wa michezo: shughuli. Wa tatu, mama wa duka la vioo: shughuli. Wa nne, kinyozi. Nimemkuta amelala kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, taulo usoni. Nimemwamsha. Kasema ana shughuli.

Nilipofika swali la tisa akaniuliza kama nataka kunyoa au vipi. Nikanyoa. Nimerudi ofisini na kichwa chepesi na majibu manne yanayofanana. Mtu ambaye hajui sababu yake mwenyewe humsaidii kwa kumuuliza. Hilo limekuwa wazi.

Kwa hiyo nageuza uchunguzi. Nisiwaulize walioondoka. Nimchunguze asiyeondoka.

Jumatano, 5 Machi

Mshonaji alifika saa nane na dakika tano. Nilisimama nje ya kile kidirisha cha kioo, daftari mkononi. Niliyoyaona: anavua viatu. Anakalia mto mdogo wa kitambaa cha maua, alioushona mwenyewe. Anakunywa maji ya uvuguvugu. Anasoma ile riwaya ya kurasa mia nne kwa kidole, mstari kwa mstari. Mara tatu alisimama, akarudia sentensi ileile. Mara moja alisonya, sijui alimsonya nani, maana chumbani yuko peke yake.

Alipotoka aliniambia kama nina suruali ya kupunguza niseme tu, nisisimame dirishani kama mdai kodi. Nikamuuliza waziwazi: dada, kwa nini huondoki?

Akasema, "Sijamaliza."

Sijaelewa. Hicho ni kitabu chake cha ishirini na mbili. Amemaliza ishirini na moja na hakuondoka. Nimeandika: hajajibu swali.

Dhana ya kwanza: mto.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilichukua mito yote minne ya kochi la nyumbani. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu miguu imsumbue, alikuwa amekalia mmoja. Nilimsubiri asimame. Baadaye amempigia mke wangu simu kazini kumuuliza kama tumehamishwa.

Mchana nikabandika tangazo getini: UNA SAUTI? USIIACHIE NYUMBANI. MITO IPO. Nimejivunia maneno hayo. Shemeji kasema linasomeka kama tangazo la nyumba ya kulala wageni. Hana jicho la matangazo, huyu. Wala hana sauti ya riwaya. Alikuwa akitangaza mpira shuleni kwao, na mpaka leo akisoma mapenzi, kijana akimkaribia msichana, shemeji anapandisha pumzi kana kwamba mpira uko kwenye eneo la hatari. Lakini anahesabika. Ni mmoja kati ya wanane.

Watu watano wamekuja kwa tangazo. Watano na watatu ni wanane! Nimempitia Mama Miche mlangoni kwake, nikatembea polepole ili anione ninavyotabasamu.

Ijumaa, 7 Machi

Kati ya wale watano wamerudi wawili. Mito minne haina wa kuikalia.

Dhana ya pili: heshima. Mtu hakimbii cheo. Nimewapa wote vyeo, nikachapa na vitambulisho vya kuvaa shingoni. Dereva wa lori, Mkuu wa Sauti Nzito. Shemeji, Mkuu wa Mapenzi na Michezo. Wale wapya wawili, Naibu wa Kwanza na Naibu wa Pili.

Saa sita Naibu wa Pili kaja kuniuliza kwa nini yeye ni wa pili wakati alifika mapema kuliko wa kwanza. Nikawabadilisha. Saa saba Naibu wa Kwanza wa zamani kaniletea kitambulisho, ameshakivua, kasema hawezi kushushwa cheo siku moja bila hata onyo. Ameondoka. Yule aliyepanda akaona hana tena wa kumzidi. Kaondoka pia.

Mshonaji amekataa kitambulisho. Kinagonga kwenye kipaza sauti, kasema.

Tumebaki watatu. Siku nane.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimepeleleza. Nilivaa kofia pana ya mama mkwe na miwani ya jua, nikajipenyeza kwenye kikundi cha Mama Miche nijue anawashikaje watu arobaini.

Hakunigundua. Alinipa koleo na rundo la viriba, vile vifuko vya miche, nivijaze udongo, akaendelea na shughuli zake. Niliyoyaona: mto hakuna. Cheo hakuna. Maji ni ya bomba. Na huyu mama anafoka, tena anafoka hasa. Kila kiriba kina jina la aliyekipanda, na yeye anapita mstari kwa mstari akionyesha kidole. Wewe, mche wako umekufa, ulimwagilia lini? Na wewe, huu umepinda kama barua ya kuomba likizo. Bwana mmoja mzima, fundi bomba mwenye mvi, aliambiwa udongo wake ni mkavu kuliko salamu zake. Nikasema moyoni, huyu leo anaondoka na harudi. Akachuchumaa, akaanza upya, huku akiwaonyesha wenzake mche wake mwingine uliochipua majani mawili.

Anawafokea. Hawaondoki. Ajabu kabisa.

Nilijaza viriba sitini na tatu. Kimoja nilikijaza vibaya, akanirudisha nikakijaza tena, na sijui kwa nini kile ndicho nilichokitazama zaidi wakati wa kuondoka. Nimejiandikisha kwa Jumamosi ijayo asubuhi. Kwa ajili ya upelelezi.

Getini akaniambia, asante jirani, na kofia ya mkweo ukiipangusa udongo kwa kitambaa kibichi itatoka madoa.

Nimekaa na daftari mchana mzima. Mto si jibu. Cheo si jibu. Kufoka hakuwezi kuwa jibu, hakuna mtu mwenye akili anayependa kufokewa. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho yeye anacho na mimi sina.

Dhana ya tatu: udongo. Harufu yake inatuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeweka gunia la udongo kwenye kona ya chumba cha kurekodi. Nimelinyunyizia maji kidogo lipumue.

Dereva wa lori kapiga chafya kumi na nne katika kurasa mbili. Nimezihesabu wakati wa kusikiliza. Kasema lori limepona, ataonana nasi likiharibika tena. Shemeji kaniuliza tunazika nini.

Lakini jambo kubwa la leo ni jingine.

Kwa kawaida nakagua dakika tano za mwanzo za kila sura, inatosha. Leo kwa ajili ya chafya ilinibidi nisikilize mpaka mwisho, na nilipomaliza ya dereva nikasema ngoja nisikilize na ya mshonaji, nione kama udongo umemtuliza. Nikasikiliza sura nzima. Anasoma vizuri. Yule mjane wa kwenye riwaya anapofungua sanduku la marehemu, nilisahau kuandika.

Sura ikaisha. Nikanyoosha mkono kuzima. Sauti ikaendelea:

"Mwisho wa sura ya kumi na tisa. Ukiona nimekosea, nipigie." Halafu namba ya simu. Yake, ya dukani.

Nimechukua flashi za zamani kabatini. Mwaka jana, ipo. Mwaka juzi, ipo. Miaka sita! Bila kibali changu.

Jumanne, 11 Machi

Nilifika dukani kwa mshonaji saa tatu, kabla flashi za wiki hazijapelekwa. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkali. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo nilianza mimi.

Nikamweleza kanuni. Wasikilizaji hawawasiliani na wasomaji. Maoni yote yanakuja kwangu kwa simu ya ofisi, mimi nayaandika, nayaweka kwenye jalada, nalifunga kabatini. Msomaji namwambia kitu kimoja tu: wasikilizaji wanashukuru. Maana watu wanajitolea, mioyo yao ni laini, na baadhi ya maoni ni makali. Jalada lina maoni mia mbili na kumi na mawili. Hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuumizwa nalo. Hiyo ni kazi yangu ninayojivunia kuliko zote.

Mshonaji akatoa pini moja moja. Akaniuliza kama nimewahi kushona nguo, mteja akaichukua bila kuijaribu, akasema asante, akaenda zake, halafu humwoni ameivaa hata siku moja.

Nikasema mimi si fundi.

Simu yake ikalia. Akaweka sauti ya wazi, akaendelea kukata kitambaa. Alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, msikilizaji wetu namba saba. Nikamjua kwa sauti, jaladani peke yake ana maoni thelathini. Hakumsalimia hata. "Fundi, ukurasa wa mia mbili na kumi umeua mtu kama unayeomba uzi. Yule mjane analia, wewe unasoma kama risiti. Nani kafa pale, mume au mbuzi?"

Mshonaji akasema, "Mzee, na wewe umesikiliza ukiwa umeshiba. Sikiliza tena kabla ya kula."

Mzee akasema amesikiliza mara tatu. Walibishana dakika ishirini. Mzee akamtaka airudie sura, mshonaji akakataa, mzee akamwambia basi hajui kusoma, mshonaji akamwambia ataona Jumatano. Simu ilipokatika alikuwa anang'aa kama mtu aliyetoka kuoga.

Kila wiki, kasema. Miaka sita. Hajawahi kupata sifa kwa mzee huyu hata siku moja, na haendi popote mpaka aipate.

Nimemwonea huruma. Ananyanyaswa na hajui. Nimemwahidi kumkinga.

Akaniomba rejista aiangalie kidogo. Nilifurahi sana. Katika miaka yote ya uratibu hakuna aliyewahi kuomba kuiona rejista. Nimemwachia mpaka saa sita, akairudisha, na bahasha za flashi akanisaidia kuzifunga yeye mwenyewe. Mtu mwema, pamoja na yote.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika kwa mpangilio wa saa.

Saa mbili na robo. Kinyozi kaingia na joho la kunyolea bado liko mabegani, simu mkononi. Mwezi wa kwanza alikuwa anasoma kitabu cha ufugaji wa nyuki. Sura ya sita inaeleza jinsi ya kufungua mzinga. Ya saba inaeleza jinsi ya kuufunga. Aliondoka baada ya sita. Sasa kapigiwa simu na bibi mmoja anayefuga nyuki na bintiye, akimfuata sura kwa sura. Mzinga uko wazi tangu Januari. Nyuki wamehamia darini, jirani wamehamia kwa ndugu zao. Bibi kamuuliza, kijana, ulifikiri namsikilizia nini, usingizi? Kinyozi ameingia chumbani bila kunisalimia, kaisoma sura ya saba mfululizo, halafu akampigia bibi na kumsomea tena kwa simu, polepole.

Saa tatu. Muuza dawa. Kaambiwa amelitamka jina la shujaa kwa namna tatu tofauti, msikilizaji akadhani ni ndugu watatu, na amekuwa akimsubiri yule wa tatu aoe. Anataka kurekodi upya.

Saa tatu na nusu. Mwalimu wa michezo. Mama wa duka la vioo. Wengine nimekosa kalamu ya kuwaandika. Mpaka saa sita walikuwa tisa, foleni mpaka mlangoni kwa Mama Miche, kila mmoja akimwonyesha mwenzake simu na kumweleza jinsi msikilizaji wake alivyo mkorofi kuliko wa mwenzake. Walikuwa wanacheka. Sikutegemea kucheka.

Nikamuuliza mshonaji kama anajua lolote. Akasema ndiyo. Aliwapigia wote kumi na saba Jumanne asubuhi, kwa rejista yangu, akawauliza kama wangependa kuwasikia waliowasomea. Tisa wakakubali. Akazisoma namba zao, kila moja na kitabu chake, mwisho wa sura ya ishirini, aliyoirekodi dukani asubuhi ileile na kuitia kwenye flashi kabla hatujafunga bahasha.

Nimemwambia tutalizungumza rasmi. Akasema sawa, kaka, lakini niondoe gunia, kinyozi anataka kuweka kiti.

Jumamosi, 15 Machi

Kamati ilikaa saa tisa. Niliingia na rejista kwapani. Tisa na watatu, kumi na wawili, na wote walikuwepo ukumbini isipokuwa dereva, ambaye alituma ujumbe kwamba lori linatia matumaini, linatoa moshi.

Mwenyekiti akawahesabu kwa kidole kama vidonge. Kumi na mmoja waliopo. Chumba kinabaki. Mama Miche akakunja futi kamba yake, akanipa mkono, akasema amefurahi kwa ajili ya wasikilizaji, na asubuhi nilijaza viriba vizuri zaidi kuliko wiki iliyopita. Nilijikuta nimesimama wima zaidi.

Kisha Mwenyekiti akataka nieleze siri, wengine wajifunze. Nilikuwa nimeandaa karatasi. Nikaeleza hatua tatu: starehe ya mwili, yaani mto; hadhi, yaani kitambulisho; na mazingira tulivu, yaani udongo. Nilisema hatua zote tatu zilichukua siku kadhaa kukomaa, ndiyo maana matokeo yalikuja kwa mkupuo siku ya Alhamisi. Mwenyekiti aliandika yote. Mshonaji alikuwa anakohoa, nikamsogezea maji.

Mama mkwe amerudishiwa mito miwili. Miwili nimeibakiza ofisini kama ushahidi.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi una majukumu yake. Leo nimewatazama wasomaji wangu kwa makini na nilichokiona kimenisikitisha. Hawana amani. Mama wa duka la vioo alikatizwa mara mbili na msikilizaji anayetaka kujua kama yule mpelelezi ana ndevu. Muuza dawa alikuwa ukumbini anabishana na mtu asiyemjua, mishipa imemtoka. Shemeji, naye kajiongeza mwenyewe kwenye orodha ya namba, kaambiwa asome mapenzi kwa mwendo wa watu wazima, na sasa anarudia ukurasa mmoja tangu asubuhi. Watu hawa wametusaidia. Je, hivi ndivyo tunavyowalipa?

Nimechukua hatua saa tano. Mlangoni nimeweka boksi, simu zote zinaachwa humo. Namba zote nimezifuta kwenye flashi za kesho. Mwanzo wa kila flashi nimerekodi tangazo kwa sauti yangu: msikilizaji mpendwa, tafadhali usimsumbue msomaji, maoni yaletwe kwa mratibu, kwa maandishi yanayosomeka, nakala tatu. Nimemsikilizisha mke wangu kwa simu. Alikata simu kabla halijaisha. Nadhani imemgusa.

Mshonaji kalitazama boksi, akavaa viatu, akasema atarekodi dukani kwake kuanzia leo. Sawa. Nimemwandika kama tawi letu la kwanza.

Kinyozi ndiye alikuwa wa kwanza kuonja utulivu mpya. Nilisimama kidirishani nikimwangalia. Yuko sura ya nane, kuhusu kuvuna asali. Alisoma ukurasa mmoja. Akatazama mahali ambapo simu yake hukaa. Akasoma nusu ya ukurasa wa pili, akanyamaza, akasikiliza kidogo. Hapakuwa na mlio wowote, wala wa mtu wala wa nyuki. Akafunga kitabu katikati ya sentensi, akakiweka juu ya mto, akachukua simu yake kwenye boksi na kutoka, bila kunilalamikia neno hata moja.

Nimeandika kwenye rejista: ameridhika.